Adui Wangu wa Kaskazini

Chenzhou, 9 Machi 1993

Baba Shaowen,

Nimefika, ni mzima, na jino bado linauma. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Jana jirani wa mlango wa pili, Bibi Qiu, aliniuliza, "Mumeo alifariki lini?" Nikamwambia hajafa, yuko Yueyang kwa mwanangu mkubwa. Akanitazama kama naweweseka. "Sasa mbona mmeachana uzeeni, mama? Alikupiga?" Ikabidi nimweleze yote, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona haya. Kwamba nyumba yetu ya Liling imeuzwa. Kwamba wanangu wawili waligombania hela zake mpaka wakashikana mashati mbele ya majirani. Kwamba aliitwa kaka yangu aje kugawa, maana kwetu mjomba ndiye hakimu, naye akagawa kweli: kabati huku, sufuria kule, baba kwa mkubwa, mama kwa mdogo. Kila mtoto amlishe wake, amtibu wake, amzike wake. Wakatia dole gumba kwenye karatasi. Kaka yangu akapiga makofi eti mambo yametoka sawasawa, wazazi wawili, watoto wawili. Na sisi tumekaa pale kwenye benchi kama mabubu.

Ni wewe wa kulaumiwa. Ukawaita Shaowen na Shaowu, kalamu na upanga, eti jozi tamu. Haya, kalamu na upanga sasa hawaamkiani hata kwa simu. Ungewaita Viazi na Kabichi wangekuwa wanapikwa chungu kimoja.

Mke wa Shaowu ananitunza vizuri. Nina chumba changu, kina dirisha, naona milima. Usiwe na wasiwasi. Ila mezani hakuna anayeniambia asili ya neno lolote. Zamani nilikuwa nakukemea, nyamaza mzee, wali unapoa. Sasa wali haupoi, lakini haunishuki.

Nijibu.

Luo Suqin, mama wa wote wawili


Yueyang, 28 Machi 1993

Mama Shaowen, adui wangu mpendwa,

Barua yako imenichekesha mpaka Minhui akaja kuniuliza kama napaliwa. Huyu mjukuu wetu amekuwa mkubwa, anakaribia kunipita kimo. Ananiletea chai kila akitoka shule.

Unadai neno. Haya, chukua la huku kaskazini niliko. Unajua jinsi tunavyoandika "kaskazini". Walioliandika mwanzo kabisa, kwenye mifupa ya kupigia ramli, walichora watu wawili wamepeana migongo. Basi. Halikuwa na uhusiano na upande wowote wa dunia, lilikuwa mgongo tu. Baadaye mfalme aliketi akitazama kusini kwenye jua, na upande wa nyuma yake, ule wa mgongo, ukaitwa hivyo. Mwanajeshi anayegeuka kukimbia vita naye akapewa neno hilohilo. Kwa hiyo usidhani niliko ni mahali tu. Kila nikiandika neno hilo nawachora wanao.

La pili nakupa bure. Neno letu la "nusu" ni ng'ombe aliyepasuliwa katikati. Walimchora ng'ombe, juu yake wakaweka alama ya kugawa. Nililifikiria siku ile kaka yako alipopiga makofi. Nusu ya ng'ombe haitembei, Suqin. Alipaswa kulijua hilo, babu yenu alikuwa mchinjaji.

Kwangu mambo shwari. Nasoma gazeti kila asubuhi, natembea ukingoni mwa ziwa. Shaowen anarudi kazini amechoka, hatuongei sana.

Tan Weiheng


Chenzhou, 17 Aprili 1993

Baba Shaowen,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kwanza, huo mwandiko! Umenyooka utadhani wa msichana wa shule. Miaka yote umeandika kama kuku anayetafuta mchwa, wachapaji walikuwa wanakuja mlangoni kuniuliza mimi umeandika nini. Uzee umekutia adabu? Au umepata miwani mipya hujaniambia?

Pili, Bibi Qiu aliniona natabasamu akaomba nimsomee. Nikamsomea. Nilipofika kwenye "adui wangu mpendwa" akashtuka, yeye ni mtu wa mbali, hajazoea vijembe vya wazee wa kwetu. Nikamwambia kwetu mume akimpenda mkewe humwita adui, na mke naye humjibu hivyohivyo. Akasema, "Kwa nini?" Nikakwama! Mimi, niliyekusomea prufu za kamusi nzima, kurasa za majaribio moja baada ya nyingine, nikakwama. Ulikuwa unaniambia tukiwa tunafanya kazi, nami nilikuwa nafikiria mboga jikoni. Niambie tena, safari hii nitasikiliza.

Huku kunanyesha. Mvua ya kusini haina adabu, inaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini chumba changu kikavu kabisa.

Suqin


Yueyang, 6 Mei 1993

Adui wangu,

Sikiliza basi, na mboga iache iungue.

Hebu kumbuka kazi yetu. Meza moja, mimi upande huu nimeshika mswada wa mwandishi, wewe upande ule unasoma prufu kwa sauti, na kila mahali sauti yako ikipishana na macho yangu, mmoja wetu kakosea. Ulikuwa unasoma, mimi nakuzuia. Unakasirika, unarudia. Mimi nakasirika. Wenzangu ofisini walifanya kazi hiyo kimyakimya, kila mtu peke yake, ndiyo maana vitabu vyao vilijaa makosa.

Sasa neno la kale la kazi hiyo lina ndege wawili wanaotazamana, na kati yao kuna mdomo unaosema. Ndege akilia, mwenzake anamjibu. Hapo mwanzo lilimaanisha kujibu tu. Kutokana na kujibu likapata maana ya anayelingana nawe, mwenzi, mume, mke. Na anayelingana nawe ndiye pekee anayeweza kusimama mbele yako na kukukatalia, kwa hiyo likapata maana ya adui. Wazee wa vitabu walipotafuta jina la kazi yetu wakasema, mmoja anasoma, mwingine ameshika nakala, wanatazamana kama mahasimu. Wakalitumia neno hilo. Mwambie Bibi Qiu kwamba sikukuita kwa mzaha. Mtu asiye na wa kumkatalia hana mwenzi. Mimi hapa kila nisemalo hukubaliwa. "Ndiyo, Baba." "Sawa, Baba." Halafu wanafunga mlango.

Nilimwomba Shaowen akuchukue na wewe uje huku. Alisema karatasi ilishatiwa dole, na kwamba Shaowu akitaka kumtua mama yake mgongoni aje aseme mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikamwambia Shaowu hawezi kuja kusema. Akasema, "Basi."

Nina hamu na sauti yako mpaka naona haya kuiandika. Hata ukinitukana.

Weiheng


Chenzhou, 2 Juni 1993

Mzee wangu,

Nimepata akili, wala usinicheke. Kuomba hakusaidii kitu, hawa watoto wana vichwa vya mawe. Dawa yao ni kero. Kuanzia leo nakuwa mama mkwe wa kwenye hadithi. Supu itakuwa na chumvi mno, mtoto wao atakuwa mchafu, mkwe atakuwa mvivu, nitalia kwa sauti wageni wakija. Mke wa Shaowu hana subira, kabla mwezi haujaisha ataniondoa, na pa kunipeleka ni kwa Shaowen tu.

Wewe tulia. Uwe mwema kama mtawa, kula unachopewa, msifu mkweo, ili nikifika wasiseme wameletewa wazimu wawili. Umenielewa? USIFANYE KITU.

Suqin


Yueyang, 2 Juni 1993

Mama Shaowen,

Nimeamua. Sitaandika marefu. Leo asubuhi nilimwambia mke wa Shaowen kwamba uji wake unafaa kubandikia karatasi ukutani. Akalia. Nilijisikia vibaya, lakini nimeanza na sitarudi nyuma. Nitatema mate sakafuni, nitawasha redio alfajiri, nitamkumbusha Shaowen mbele ya rafiki zake kwamba alikojoa kitandani mpaka alipokuwa darasa la nne. Watanichoka. Watanileta kwako.

Wewe kaa hapo, uwe mtamu kama asali, wasipate sababu ya kunikataa. Nakusihi, mara moja tu katika maisha yako, usinipinge.

Weiheng


Yueyang, 11 Julai 1993

Tan Weiheng, mjinga wewe,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako.

Na mimi ni mjinga, nalijua, usiniambie. Lakini ulinikosesha kwa kuwa na akili siku ileile niliyokuwa na akili mimi. Mimi nachokwa kusini, wewe unachokwa kaskazini, na wale watoto, ambao hawajakubaliana jambo tangu nyumba iuzwe, wanakubaliana kwa simu moja tu: tubadilishane. Kama watu waliouziwa majembe mabovu.

Pale stesheni ya Zhuzhou, katikati ya njia, walipotukalisha benchi moja wakaenda kukata tiketi, kila mmoja dirisha lake ili wasitazamane, nilikuwa nimepanga cha kukuambia. Tangu treni ilipopita Hengyang nakipanga. Halafu nikakuona umekonda, shati halina kifungo, nikapandwa na hasira nikasema, "Nilikuambia usifanye kitu!" Na wewe ukasema, "Mimi ndiye niliyekuambia!" Tukaendelea hivyo mpaka treni yangu ikaingia. Tulipata nafasi moja tu, Weiheng, tukaitumia kubishana nani alianza. Sikukushika hata mkono. Nilipogeuka dirishani ulikuwa unatazama behewa lisilo langu, unapungia watu usiowajua.

Sasa najua kwa nini. Minhui kaniambia yote jana, analia. Kwamba macho yako yalianza kufa kabla hata hatujagawanywa. Kwamba barua zangu alikuwa anakusomea yeye na majibu unamtamkia anaandika. Kwamba hukusoma gazeti hata siku moja, na ukingoni mwa ziwa ulikuwa unaenda umemshika bega. Mwandiko wa msichana wa shule! Nami nikacheka.

Hapa ulikuwa na macho ya mtoto huyu, nami nimekuondoa kwake. Nani anakusomea huko? Nimwambie Shaowu?

Suqin


Chenzhou, 3 Agosti 1993

Suqin,

Naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa kama vikapu, nisamehe, na kama mistari imepandana soma ile ya juu kwanza.

Bibi Qiu alinisomea yako. Mwema sana yule, ingawa anasoma kama anayekimbizwa na mbwa. Usimwambie Shaowu. Upasuaji wa macho ni hela nyingi. Wataanza upya, macho yalianza kuharibika nikiwa kwa nani, nani alipe. Siwezi kusikia tena majina yetu katika sauti zile. Nikienda taratibu na ukuta hawagundui. Ni aibu yangu, niachie.

Na wewe ni mwongo. Chumba chenye dirisha! Nimelazwa ulipokuwa unalala, nimepapasa kila upande. Ni stoo ya makaa, Suqin. Ukuta una maji. Dirisha liko wapi? Nimekaa humo nikatukana kwa sauti, nikamtukana kaka yako na babu yenu mchinjaji. Umeishi humu ukiniandikia habari za milima.

Neno la leo. Sisi tunaandika "jozi" kwa kuchora ndege wawili katika mkono mmoja. Na "moja" ya kiatu kimoja, ya mtu aliyebaki, ni mkono uleule umeshika ndege mmoja. Aliyeyaandika hakubadili mkono. Nililiona hili nikiwa kijana, nikadhani ni jambo la kupendeza.

Bibi Qiu anaondoka kesho kutwa kwenda kwa bintiye aliyejifungua. Anasema atarudi sikukuu ya mwezi mpevu ikipita. Ukiniandikia kabla ya hapo nitazishika tu, nitangoja.

Sikukushika mkono na mimi. Nilikuwa nautafuta kwenye benchi na kumbe ulikuwa umeubana kwapani kwa hasira.

Weiheng


Yueyang, 20 Septemba 1993

Adui wangu, fungua masikio,

NJOO.

Minhui aligoma kula. Mtoto mpole vile! Alimwambia baba yake, "Siku ukizeeka na mimi nitakugawa." Shaowen alinyanyua mkono kumpiga, akaushusha, akaenda kukaa ngazini peke yake mpaka sigara zikamwishia. Asubuhi akaniambia, "Mama, mwandikie Baba aje. Simu kwa Shaowu sitaki ipigwe, wala kuongea naye, lakini Baba aje." Amesema atakufuata mwenyewe mpaka getini Chenzhou, huna haja ya kuhangaika na treni peke yako. Anataka tu uniandikie siku unayotaka, asije akakukuta hujajiandaa.

Kitanda nimekigeuza, sasa kinatosha wawili tukilala kwa ubavu. Nimetia pilipili kwenye mtungi, zitakuwa tayari ukifika. Kila siku nitakusomea gazeti, hata matangazo ya mbolea, na ukinikatiza nitakurushia kiatu.

Najua Bibi Qiu hayupo. Basi mpe Shaowu akusomee! Meza kiburi chako mara moja. Au mpe yeyote anayepita mlangoni.

Suqin wako


Yueyang, 4 Oktoba 1993

Weiheng,

Sikukuu imepita, nimekula keki za mwezi na Minhui, yako tumeiweka kando. Hujajibu. Shaowen jana kaniuliza, "Baba hataki?" Nikamwambia anataka, ni mvivu wa kuandika. Lakini uso wake umeanza kufunga tena, namjua, akipoa huyu hapati moto mara ya pili.

Umeninunia? Kwa sababu ya lile dirisha? Nijibu neno moja tu, hata kama ni la kunitukana. Nakuomba.

Suqin


Chenzhou, 15 Oktoba 1993

Kwa Mama,

Shikamoo. Kaka amekwisha kukuambia kwa mdomo kwamba Baba hatunaye. Nami nakuandikia ujue ilivyokuwa, kwa sababu kwenye simu unalia na hatuelewani.

Baba aliteleza ngazini tarehe 10 asubuhi. Mimi nilikuwa safarini na lori, mke wangu alikuwa sokoni. Mlinzi wa chini anasema alimsikia anashuka akihesabu vidato kwa sauti, akamuuliza anaenda wapi, akajibu anamtafuta yule mzee wa posta anayeandikia watu barua na kuwasomea. Halafu akaanguka. Hospitali hawakuweza kitu. Mkononi alikuwa na bahasha zako mbili. Hazijafunguliwa.

Mama, sikujua kwamba haoni. Naapa sikujua. Kila barua ilipokuja aliipokea akasema ataisoma baadaye. Nilimwambia, "Baba, si uisome sasa?" akasema anamngoja Bibi Qiu arudi, naye hajarudi mpaka leo. Niliona ni mambo ya wazee. Ile ya kwanza aliishika siku nyingi. Ilipokuja ya pili hakulala vizuri, alimuuliza mke wangu mara mbili kama bahasha ina alama yoyote ya haraka.

Tulimchoma tarehe 12. Tuliona usisafiri, moyo wako ni mgonjwa. Boksi la majivu liko kwangu.

Kuna jambo moja litakufariji. Mimi na Kaka tumeongea kwa simu, tena kwa muda mrefu, bila kugombana. Tumelia wote. Tumekubaliana kwamba sasa mzazi amebaki mmoja na si haki upande mmoja ubebe peke yake. Utakaa miezi sita kwa Kaka, miezi sita kwangu. Nakutengenezea chumba cha mbele. Zamu yangu ingeanza mwaka mpya, kama wewe huna neno.

Barua zako nimeziweka pamoja na boksi. Sijui nikurudishie au nizichome.

Mwanao, Shaowu


Yueyang, 23 Oktoba 1993

Shaowu,

Barua yako nimeipata. Hukujua, nimeelewa. Mimi nilijua na nikanyamaza kwa sababu alinikataza. Maisha yangu yote nilikuwa nampinga mtu yule, katika kila jambo dogo, na hili moja nikalitii. Nitakufa nalo. Usijilaumu sana.

Mmepatana na ndugu yako. Tangu nyumba iuzwe nilikuwa naomba siku moja niyasikie maneno hayo. Sasa nimeyasikia.

Barua usichome wala usinirudishie. Leo ukitoka kazini mtoe mkeo na mtoto nje, funga mlango, keti mbele ya boksi, uzifungue. Anza na ile ya Septemba. Umsomee kwa sauti, pole pole, neno kwa neno, usiruke hata pale ninapomwita adui. Ukifika pa kulia lia, kisha urudie mstari ule tangu mwanzo, maana hatakuwa ameusikia vizuri. Yote mpaka jina langu.

Ukimaliza niandikie kwamba umemaliza. Mengine ya zamu tutaongea baadaye.

Mama yako